Rupia Yenye Tundu Ilivyonitoa Jasho Kariakoo

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina kisa cha aibu, tena aibu yenyewe nimejitakia. Ukitaka kucheka, cheka, lakini ukimaliza ukae ukijua kwamba shida ikikubana sawasawa, hata wewe unaweza kufanya hivi hivi.

Mambo yalianza kwenye fremu. Kuna mshikaji wangu tuliyemaliza naye kidato cha nne. Tulitafuta kazi wote, tukakosa wote. Mwisho yeye akaingia Kariakoo kuuza makava ya simu mkononi, mimi nikawa mtu wa kuandika andika magazetini, kazi ambayo malipo yake yakija yanakuja yamechoka. Jumanne moja akanipigia simu anahema kama aliyekimbizwa na mgambo.

"Oya, kuna fremu Mtaa wa Narung'ombe. Jamaa anahama. Anataka kilemba laki nane, tugawane, laki nne wewe, laki nne mimi. Mwisho Jumamosi saa sita mchana, ana watu wengine nyuma yangu."

Kwa wewe usiyeijua Kariakoo, kilemba siyo kodi. Kodi iko palepale. Kilemba ni hela unayompa anayetoka ili akuachie nafasi, haina risiti wala mjadala. Na fremu Kariakoo ni kama mchumba mzuri: ukijifikiria mara mbili unakuta kashaposwa. Mimi mfukoni nilikuwa na laki moja na ishirini. Palipobaki ni laki mbili na elfu themanini, na sikuwa na mjomba Ulaya.

Usiku ule sikulala. Na ni usiku huo ndipo nilipolikumbuka kopo la bibi.

Bibi yangu, mama yake baba, alimalizia siku zake kwetu Ilala. Alipofariki na arobaini ikapita, shangazi aligawa khanga zake na vyombo, ila kopo moja la biskuti akaniachia mimi. "Kaa nalo, baba," aliniambia, "kwa sababu kabati lako lina kufuli. Nitalifuata siku yake." Hakusema ni langu. Ona basi akili ya mtu mwenye shida: usiku ule nilijishawishi kwamba na hakusema si langu.

Nikafungua. Ndani mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza, uzi mrefu uliopitishwa sarafu nyekundu nyekundu za zamani, zote zina tundu katikati, jumla kumi na saba. Cha pili kilikuwa mkufu wa uzi mweusi na shanga, na katikati yake rupia moja ya Mjerumani, nzito, nyeupe. Upande mmoja ana sura ya mtu mwenye masharubu na kofia ya chuma yenye ndege juu yake. Upande wa pili imeandikwa 1 Rupie, Deutsch Ostafrika, mwaka 1911, na chini herufi J. Juu kabisa, karibu na ukingo, lilikuwepo tundu. Ndimo uzi ulimopita.

Msomaji, moyo ulinidunda. Nani mjini hapa hajasikia habari za rupia ya Mjerumani?

Jumatano asubuhi nikaenda kwenye kijiwe cha kahawa nyuma ya Msimbazi, nikajifanya naulizia tu, kumsaidia jirani. Mmoja akaapa kwamba anamjua mtu aliyeuza rupia moja kwa Waarabu akajenga nyumba Mbagala. Wa pili akasema hiyo ndogo, kuna ya milioni hamsini. Wa tatu, mzee mmoja mpole, akakung'uta kikombe chake na kusema, "Hizo stori za rupia zimewaliza watu wengi. Kwanza unaombwa hela ya kuipima, halafu ya usafiri wa mnunuzi, halafu mnunuzi mwenyewe humuoni." Nisikufiche, niliwasikia wawili wa kwanza tu.

Alhamisi nikaanza na sonara mmoja Kariakoo. Nilivaa shati la kupiga pasi ili nisionekane mwizi. Sonara aliishika rupia yangu, hata mwaka hakuusoma. Akaigonga mezani, akaisikiliza inavyolia, akaiweka kwenye mizani ndogo. Gramu kumi na moja na kitu.

"Fedha nzuri hii," akasema. "Elfu ishirini."

"Bosi, hii ni ya mwaka 1911! Ya Mjerumani!"

"Mwaka siyeyushi, kijana. Nayeyusha fedha."

Nikatoka nimevimba. Nikapanda daladala mpaka Posta, kwa mzee mmoja anayepanga stempu, noti na sarafu za zamani kwenye meza ndogo kando ya barabara, siyo mbali na Sanamu ya Askari. Huyu nilishampita mara mia bila kumtazama. Siku hiyo nilimuamkia kwa shikamoo ndefu mpaka akaweka gazeti chini.

"Marahaba kijana wangu. Una nini?"

Nikamtolea mkufu. Akavaa miwani, akaitazama rupia mbele, nyuma, kisha ukingo wote. Halafu akatia kucha ya kidole kidogo kwenye tundu, akatikisa kichwa taratibu kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Wamekutoboa," akasema.

Akafungua albamu yake ya nailoni, akanionyesha rupia nyingine. Mwaka uleule 1911, herufi ileile J, ambayo kumbe ni alama ya kiwanda cha Hamburg. Zenye A zilipigwa Berlin. Tofauti ni moja: ya kwake haikuwa na tundu. "Hii nauza elfu tisini," akasema. "Ya kwako nikikupa elfu ishirini na tano nimekuonea huruma."

Elfu tisini kwa elfu ishirini na tano! Tundu lenyewe halipiti hata njiti ya kiberiti. Nikamuuliza kulikoni. Mzee hakuwa na mteja, jua lilikuwa kali, basi akanivutia kigoda. Niliyoyasikia pale ndiyo nakupa na wewe bure.

Kwanza, akasema, rupia siyo kitu adimu kama watu wanavyodhani. Mjerumani alizipiga kwa wingi. Kampuni yake ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890, rupia moja kwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikabadili hesabu: rupia moja ikawa heller 100. Na hapo msomaji ndipo ilipozaliwa hela unayoitafuta kila siku. Hela ni Heller ya Mjerumani. Mjerumani kaondoka zaidi ya miaka mia iliyopita, jina la senti yake tumebaki nalo mdomoni.

Pili, thamani ya sarafu ya zamani ina sakafu na ina dari. Sakafu ni madini yake. Rupia ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu elfu, 917 ni fedha tupu. Ukiitoboa, ukiikwaruza, ukiikanyagia gari, fedha ile bado ipo, ndiyo maana sonara hakujali tundu. Dari ni mapenzi ya mkusanyaji. Huyu hanunui fedha, ananunua sarafu ilivyotoka kiwandani, na anataka iliyo safi kuliko ya mwenzake. Ukitoboa umeng'oa dari, umebaki na sakafu na nyongeza kidogo ya heshima.

"Na ile yenye tundu ikiwa adimu?" nikauliza.

"Hapo mambo mengine." Akanipa mfano wa rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, Mjerumani amezibiwa bahari na meli za Waingereza na haletewi hela kutoka kwao. Walizipigia katika karakana ya reli. Upande mmoja kuna ndege tai, upande mwingine kuna tembo ameinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilitoka elfu kumi na sita na ushee tu. Hiyo hata ukiikuta imetobolewa watu watagombania, kwanza kwa dhahabu yake, pili kwa sababu nzima ni bei mbaya na wengi hawaiwezi. Lakini hata yenyewe haitauzwa sawa na nzima. Sarafu ya kawaida yenye tundu mkusanyaji haina haja nayo, kwa sababu nzima zipo tele. Akaniambia hata zile kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu, kama PCGS na NGC, ukiwapelekea iliyotobolewa hawakupi alama za kawaida. Wanaandika kwamba imetobolewa, basi.

Nikatoa na ule uzi wa sarafu kumi na saba. Nikasema kimoyomoyo, kama tundu moja limeshusha bei namna hii, hizi zilizotobolewa katikati si atanidai mimi hela ya kuzitazama?

Mzee akacheka. "Hizi ni tofauti. Hizi zimezaliwa na tundu."

Akanieleza. Zilikuwa senti kumi na senti tano za Mwingereza, za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Kuanzia mwaka 1921 mpaka 1964 senti moja, senti tano na senti kumi zilitoka na tundu katikati, na kwenye senti kumi na senti tano pembe za ndovu zimelizunguka tundu lile. Ndiyo hizo ndururu ambazo wazee wakifilisika wanasema hawana hata moja. Wala Mwingereza siye wa kwanza hapa kwetu, maana heller kumi za Mjerumani za mwaka 1908 zilikuwa na tundu, na heller tano za mwaka 1913 vilevile. Tundu la kiwandani lilikuwa na kazi: linaokoa madini, linamsaidia mtu kuitambua sarafu kwa kidole gizani, na mtu asiye na mfuko kwenye nguo anaweza kuzitunga kwenye kamba kama samaki. Wachina walikuwa na mtindo huo zamani sana, ila tundu lao ni la pembe nne. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamefukua moja kisiwani Manda, karibu na Lamu, ya zama za mfalme Yongle aliyetawala kuanzia mwaka 1402 hadi 1424. Wajapani mpaka leo sarafu zao za yen 5 na yen 50 zina tundu.

"Tundu la kiwandani," mzee akaendelea, "liko katikati kabisa, limepigwa pete pembeni, na michoro imepangwa kulizunguka. Tundu la mtaani liko ukingoni, limekata maandishi, na upande msumari ulipotokea mdomo wake umevimba." Akachukua kidole changu akakipitisha nyuma ya rupia ya bibi. Kweli, palivimba.

Kituko kingine ni hiki. Hizi za kuzaliwa na tundu, wakati mwingine moja ilipita kwenye mashine bila kutobolewa. Hiyo sasa ndiyo inatafutwa, na bei yake inapanda juu ya wenzake wote. Yaani rupia yangu imeshuka bei kwa sababu ina tundu, na senti ile imepanda bei kwa sababu haina. Ukiwaambia watu wa kijiweni hawataamini.

Mzee akazipitia zangu moja moja kwenye uzi. Akafika kwenye moja, akasimama. Senti kumi ya mwaka 1936. Kwenye duara imeandikwa EDWARDVS VIII. Huyu ni mfalme wa Uingereza aliyeingia Januari 1936 na kujiuzulu Desemba mwaka uleule kwa ajili ya mwanamke aliyempenda. Huko kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa wananchi. Huku kwetu zilishapigwa, kwa sababu senti ya tundu haina nafasi ya sura ya mfalme. Linaandikwa jina na taji tu, kazi imekwisha. Kwa hiyo tundu ndilo lililompa yule bwana nafasi ya kuingia mfukoni mwa babu zetu.

"Hii si milioni ngapi?" nikauliza huku nimeshakalia ukingo wa kigoda.

"Elfu tano," akasema mzee. "Zilipigwa nyingi sana. Hizo nyingine elfu moja moja. Ukinipa zote pamoja na rupia, elfu arobaini na tano."

Arobaini na tano! Mimi natafuta laki mbili na themanini. Nikafunga kopo langu, nikamshukuru. Wakati naondoka akaniita. "Kijana. Usizisugue. Wala usiende kwa fundi akakuzibia hilo tundu. Mwenye macho ataliona, na hapo utakuwa umeharibu mara mbili."

Msomaji, kama mtu amekukataza jambo ambalo hukulifikiria, si ndiyo amekupa wazo?

Ijumaa mchana nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi mmoja mdogo wa vito kwenye uchochoro wa Kariakoo. Mpango wangu ulikuwa hivi: anizibie tundu kwa fedha, apige msasa, aing'arishe. Malipo elfu kumi na tano. Kisha mshikaji wangu ana mtu anayetembeza wazungu mjini. Wazungu wawili watatu tukiwaambia ni ya kale sana, nzima, haijaguswa, hatukosi laki tatu. Ulikuwa utapeli, niite jina lake. Mimi niliyecheka watu wanaotapeliwa kwa rupia nilikuwa nakwenda kutapeli kwa rupia.

Fundi alishaukata uzi mweusi. Shanga nilizishika mimi kiganjani. Akawasha moto wake, ukatoa ule ulimi wa buluu. Ndipo simu yangu ikalia. Dada yangu mdogo.

"Kaka, shikamoo. Lile kopo la bibi lipo?"

"Lipo," nikasema. Nikaziangalia shanga.

"Shangazi anakuja kesho asubuhi kulichukua. Kasema ule mkufu nivae mimi siku ya ndoa. Kaka, unajua bibi aliniahidi nikiwa darasa la tatu? Nilidhani shangazi amesahau."

Sijui nilimjibu nini. Nilijua ana ndoa mwezi ule, hata mchango nilishaahidi kwenye kamati, ila ndoa ile na kopo lile sikuwahi kuviweka pamoja kichwani. Nikamwambia fundi azime. Akaniuliza kama ni mzima. Nikamlipa elfu mbili za usumbufu, nikaweka rupia na shanga kwenye leso, nikatembea kwa miguu kutoka Kariakoo mpaka Ilala kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu.

Usiku nilitafuta uzi mweusi, nikatunga upya shanga zile kwa taa ya simu. Nilijitahidi sana kukumbuka zilivyokuwa zimepangwa. Sikukumbuka.

Jumamosi saa tatu asubuhi shangazi akafika. Nikampa maji, nikampa kiti. Akafungua kopo, akautoa mkufu, akautazama mara moja tu.

"Nani kautunga huu?"

Msomaji, ningeweza kudanganya. Panya, mtoto wa jirani, vitu vizee huoza. Sijui kwa nini nilishindwa. Nikamweleza yote, tangu kilemba mpaka moto wa fundi. Nilitegemea kelele. Shangazi yangu ana sauti; akikusema Ilala wanasikia mpaka Buguruni. Siku ile alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Halafu akaniuliza, "Na hao wanunuzi wako, walikuambia tundu hili alilitoboa nani?"

Nikasema hapana.

"Basi kaa chini."

Akanisimulia kama alivyosimuliwa na bibi. Bibi yake bibi yangu, mwanamke wa Kisarawe, aliwahi kuwa na rupia saba. Alizipata kwa kuuza mchele na kuku, moja moja, miaka. Wakati ule Mjerumani alishaweka kodi ya kibanda. Ilianza mwaka 1898, rupia tatu kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini, na asiyekuwa nazo alijua kitakachompata. Mume wake alikuwa mtu mwema akiwa amelala. Akiamka alikuwa mtu wa tembo la mnazi na madeni. Kila rupia iliyoingia ndani ilikuwa na njia mbili za kutokea, kodi au tembo. Zikaenda moja, mbili, tatu. Zilipobaki chache, yule mama akachukua moja akaipeleka kwa mhunzi, akamwambia aipige msumari.

"Mumewe aliporudi akasema umeichezea hela, hii nani ataipokea?" shangazi akaendelea. "Yeye akajibu, ndiyo maana. Akaifunga shingoni kwa binti yake. Zile nyingine zote zilikwisha, hata hatujui zilikwenda kwa nani. Hii haikwenda popote. Alipokuja Mwingereza na hela zake, ikabaki shingoni. Yule binti akampa mwanawe, ndiye bibi yako. Bibi yako angempa mwanamke wa nyumba hii. Wewe nilikupa ulinde, baba. Sikukupa."

Ile hesabu ya mzee wa Posta ilinirudia kichwani yote, sakafu na dari. Alikuwa sahihi, kila neno. Tundu limeishusha rupia yetu kutoka elfu tisini hadi elfu ishirini na tano. Ila mzee alihesabu bei ya rupia iliyofika mezani kwake. Zile sita nzima hazikufika mezani kwa mtu. Rupia za mwaka 1920 zilipoachwa na kuja florin, kisha mwaka 1921 kuja shilingi, nzima zilibadilishwa, zikayeyushwa, zikanyweka. Yetu iliharibiwa makusudi ili isitumike, na kwa kuharibiwa ikatufikia. Na mimi kidogo niizibe kwa elfu kumi na tano.

Sasa unataka kujua habari za fremu. Fremu ilikwenda. Saa sita ilipogonga tulikuwa na laki tano na ushee kati ya laki nane, jamaa akapokea za mwingine mbele yetu bila hata kutuangalia usoni. Mshikaji alininunia wiki nzima. Leo tuna meza, siyo fremu, kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, tunauza makava na chaja, mgambo wakija tunabeba tunakimbia. Sikuambii kwamba ni maisha mazuri. Vijana wote mjini wanasema lazima watoboe. Mimi bado sijatoboa. Zipo siku jua likiniwakia pale naikumbuka ile fremu yenye kivuli na nasema kimoyomoyo, laki mbili na themanini tu!

Ndoa ilifanyika. Dada alivaa mkufu juu ya gauni la dukani, na kamati nzima ilimuuliza ameununua wapi. Shanga mbili ziko mahali pasipo pake. Shangazi amekataa zisipangwe upya. Kasema ziachwe vilevile, siku moja nitamsimulia mwanangu kwa nini.

Nisikuache mikono mitupu, msomaji. Kama nyumbani kwenu kuna kopo kama lile, sikiliza. Usiisugue sarafu ya zamani kwa majivu wala dawa ya meno ili ing'ae. Mkusanyaji anapenda rangi ya uzee, na ukiisugua umeshusha bei karibu sawa na kuitoboa. Isiyo na tundu usiitoboe hata kama unataka hereni za kutambia. Yenye tundu usiizibe. Tazama tundu liko wapi: la katikati lenye pete ni la kiwandani, halina kosa, la ukingoni ni la msumari, limeshusha bei ya kuuzia. Ipime uzito kabla hujakwenda kwa mtu, ujue sakafu yako. Anayekuahidi milioni kwa rupia ya kawaida, mkimbie. Mwisho, kabla hujabeba kopo kwenda nalo mjini, muulize kwanza shangazi yako ni la nani.

Mimi ule uzi wa sarafu kumi na saba nimeachiwa. Shangazi kasema hizo hazina mwenyewe. Ile senti ya Edward nimeichomoa, naitembeza kwenye pochi. Siku ambayo meza haijauza kitu, angalau siwezi kusema sina hata ndururu.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda na mgambo wakipenda.